Miaka miwili na Boss DS-1, pedeli ya chungwa ambayo kila mtu ana neno nayo

Siku ya kwanza nilivyoipeleka kanisani hii pedeli ya gitaa, kaboksi unakokanyaga kwa mguu ili sauti ikwaruze (ndio distoshen), mwalimu wa kwaya alinisimamisha kabla hata ubeti wa kwanza haujaisha, akasema "mwanangu, hiyo sauti ya nyuki izime kwanza tumalize wimbo." Nikaizima. Na alikuwa sahihi kabisa, ilikuwa sauti ya nyuki, tena nyuki waliochokozwa mzinga, inachoma masikio afu gitaa lenyewe hata halisikiki, unasikia mchirizi tu unaelea juu ya kinanda. Miezi kama minne baadaye, pedeli ileile, gitaa lilelile, mimi yuleyule, fundi mitambo wa bendi ninayopiga nayo Sinza akapanda jukwaani baada ya saundi cheki kuniuliza nimenunua nini kipya. Sijanunua kitu kaka, nikamwambia, ni ileile ya chungwa. Hakuamini mpaka akainama kuiangalia.

Kati ya hizo siku mbili nimejifunza mengi sana kuhusu hii DS-1, na kwa sababu naona watu wanaitukana sana (eti ya watoto, eti ya bei rahisi, eti inapiga kelele tu) na wengine wanaisifia kama vile imeshuka kutoka mbinguni, acha niseme yangu.

Niliipata mtumba, kwa jamaa aliyekuwa anahamia kwenye ile mashine moja kubwa yenye efekti zote ndani, akaniuzia laki na nusu, haina boksi wala karatasi ya maelezo, chini imegandishwa ile kitu ya kunata ya kushikia kwenye ubao wa pedeli. Rangi imechubuka pembeni na kwenye kona moja chuma kinaonekana. Nobu zote tatu zinazunguka vizuri. Nikaijaribu kwake kwa dakika kumi kwenye ka-amplifaya kadogo ka chumbani, ikanguruma vizuri tu, nikalipa. Hizo dakika kumi ndio zilinidanganya, nitarudi hapo.

Kwa wasioijua: Boss ni jina la pedeli za Roland, kampuni ya Japani. Pedeli zao ndogo za umbo hili walianza kuzitoa 1977, DS-1 ikafuata 1978, na mpaka leo bado inatengenezwa, chungwa ileile, nobu zilezile tatu, TONE (rangi ya sauti), LEVEL (ukubwa wa sauti) na DIST (kiasi cha mikwaruzo). Ndani wamebadilisha vitu, kwa mfano ile aisii (chipu) ya kukuza sauti ilikuwa ya Toshiba mpaka 1994 halafu wakaweka nyingine, na utengenezaji ulitoka Japani ukahamia Taiwan na siku hizi Malaysia, kuna watu wanalipa pesa nyingi sana kupata ya Japani ya zamani. Kurt Cobain wa Nirvana alianza na hii kabla ya kuhamia DS-2, ndugu yake, na magwiji wa gitaa la roki Joe Satriani na Steve Vai wote wameitumia. Kwa hiyo mtu akikwambia haiwezi kutoa sauti ya maana, huyo hajakaa nayo.

Nami huwa nafikiria kitu kimoja kuhusu huo mwaka wa 1978. Mbaraka Mwinshehe alikuwa bado hai, amefariki Januari 1979 kule Mombasa, na ukisikiliza magitaa ya solo ya wakati ule, yake na ya wenzake wote wa muziki wa dansi, ni safi kama maji ya kisima, kila noti inasimama peke yake, inang'aa kabisa. Masikio yetu yamelelewa hapo. Mzee wangu mimi nikiwasha distoshen nyumbani anauliza kama spika imepasuka, na haulizi kwa ubaya, kwake sauti ya gitaa iliyochanika ni gitaa bovu. Kwa hiyo mtu wa huku ukianza kutumia distoshen unakuwa na kazi mbili, kwanza upate sauti nzuri, pili uiweke sehemu ambayo wimbo unaiomba kweli.

Haya twende kwenye sauti.

Kinachofanyika ndani sio uchawi. Mawimbi ya gitaa yakiingia yanakuzwa na transista, halafu yanakuzwa tena na ile aisii, sasa yakishakuwa makubwa yanakutana na dayodi mbili za silikoni zilizounganishwa kwenda ethi, na dayodi ya silikoni ikifika kama volti 0.6 au 0.7 inafungua mlango, kwa hiyo chochote kinachotaka kupanda juu ya hapo kinamwagwa. Fikiria mtu anafyeka majani kwa fyekeo, yote yanabaki urefu mmoja. Vichwa vya mawimbi vinakuwa bapa na huo ubapa ndio unazaa zile sauti za juu juu tunazoita mikwaruzo. Pedeli kama SD-1 (ya Boss pia, ile ya njano) au Tube Screamer ya Ibanez dayodi zimewekwa kwenye njia ya kurudishia ya aisii, kwa hiyo vichwa vinaviringwa badala ya kukatwa. DS-1 inakata. Ndio maana ina ule ukali, na ndio maana ukiipenda unaipendea huo ukali, na ukiichukia unaichukia kwa sababu hiyohiyo.

Lakini tatizo la nyuki halitoki hapo. Linatoka kwenye TONE. Hii nobu watu wengi wanadhani ni ya kuongeza na kupunguza ukali tu kama ile ya kwenye gitaa, kumbe ndani kuna njia mbili, moja inapitisha besi, nyingine inapitisha sauti za juu, na nobu inachanganya hizo mbili. Ukiweka katikati unapata besi na unapata sauti za juu, ila pale kati panabaki shimo, kwenye hezi 500 hivi (hezi ni mitetemo kwa sekunde). Sasa hezi 500 ni wapi kwenye gitaa? Piga uzi wa kwanza freti ya 7, hiyo noti B, ina hezi 494. Yaani shimo limechimbwa palepale solo inapoishi! Ukiwa peke yako chumbani shimo halikuumizi, tena linapendeza, sauti inakuwa nene chini na inang'aa juu, unajisikia uko uwanja wa taifa. Ukiingia kwenye bendi besi ya gitaa lako inafunikwa na mpiga besi na ngoma, sauti zako za juu zinagombana na tasa za dramu, na pale kati ambapo ungesikika hauna kitu. Unaongeza LEVEL, kinachoongezeka ni mchirizi. Mwalimu wa kwaya anakwambia zima.

Hizo ndio dakika kumi zilizonidanganya. Nilinunua kwa kusikiliza peke yangu kwenye ka-spika kadogo.

Na pale kanisani kulikuwa na jambo la pili baya zaidi, gitaa lilikuwa linaingia moja kwa moja kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti. Najua wengi tunapiga hivyo, kanisa halina amplifaya ya gitaa, unachomeka waya kwenye mikisa unaendelea. Kwa gitaa safi inaenda tu. Kwa distoshen ni maafa, kwa sababu spika ya gitaa ya kawaida, zile za inchi 10 au 12, ikifika kwenye hezi 5000 hivi inaanza kuchoka, haipitishi tena zile sauti za juu sana, na hiyo pedeli ilitengenezwa na watu waliojua kwamba mbele kuna spika ya namna hiyo, mikwaruzo yote ya ovyo itaishia hapo. Spika za ukumbini zina twita (vispika vya sauti za juu), zinapitisha kila kitu mpaka juu kabisa. Kwa hiyo kile ambacho spika ya gitaa ingekificha, twita inakitangaza kwa waumini wote mpaka wa viti vya nyuma. Sio DS-1 tu, pedeli yoyote ya distoshen ukiichomeka hivyo itafanya hivyo, tofauti ni kiasi tu.

Nilichofanya mimi, niliomba ka-amplifaya ka wati 30 ka rafiki, nikakaweka pembeni ya jukwaa, tukaweka maiki mbele ya spika, maiki ikaenda kwenye mikisa. Siku hiyohiyo nyuki walihama. Kama huna amplifaya tafuta kifaa cha kuiga spika ya gitaa, vipo vidogo, au hata mashine ya efekti yenye hiyo kitu ndani, ukiweka baada ya DS-1. Ukikosa vyote hivyo mwombe fundi mitambo akate sauti za juu kwenye chaneli yako bila huruma, itasaidia kiasi.

Baada ya hapo ndio nikaanza kuzitafuta nobu. Hapa niseme kitu kwanza maana kilinichanganya muda mrefu, wazungu kwenye video zao wakisema weka nobu saa tisa wanamaanisha mshale unaangalia kushoto, kwa saa zetu hiyo ni saa tatu. Mi natumia zetu. Nobu ikifungwa kabisa ni saa moja, ikiangalia juu ni saa sita, ikifunguliwa yote ni saa kumi na moja, inatembea kama siku ya kazi kuanzia asubuhi mpaka jioni. Sasa: DIST mi sivuki saa nne asubuhi. TONE saa nne, saa tano ikizidi sana, yaani kabla ya katikati ambapo shimo limekaa, ukirudi upande wa besi sauti inajaa na ule mchirizi unatulia. LEVEL saa nane. Kwenye amplifaya napandisha midi (sauti za kati) mpaka mtu aliyesimama karibu anasema imezidi, maana akisikiliza ndani ya bendi haitazidi, na amplifaya yenyewe naiacha ichafuke kidogo sio safi kabisa. Hapo DS-1 inakuwa kama mtu anayeisukuma amplifaya kwa nyuma badala ya kufanya kazi yote peke yake. Hii ndio sauti aliyoulizia yule fundi mitambo.

Na nadhani ndio siri ya hao wakubwa niliowataja, nyuma ya pedeli kulikuwa na amplifaya kubwa za valvu zinazopiga kwa sauti kubwa. Pedeli ilikuwa sehemu tu ya mnyororo. Mwaka 2022 Boss wenyewe walitoa DS-1W, toleo lao la hali ya juu wanaloliita Waza, lina swichi ya kuhamia sauti ya pili ambayo midi zimepandishwa, kwa hiyo na wao wanajua wapigaji walikuwa wanalilia nini miaka yote hiyo. Sijawahi kuimiliki hiyo, niliishika dukani tu, siwezi kusema zaidi.

Sasa kuna jambo ambalo sijaona watu wakiliongelea na kwa wapigaji wa huku ni muhimu sana. Sisi sebene zetu na ridhimu zetu zimejengwa kwa nyuzi mbili mbili, noti na tatu yake (ya tatu ukipanda ngazi ya muziki), noti na sita yake, tangu rumba ya Kongo mpaka dansi ya hapa, mkono ukishazoea hapo hautoki. Washa DS-1 halafu piga hizo tatu zako. Zinasaga. Sababu ni kwamba noti mbili zikikatwa vichwa pamoja zinazaa noti nyingine ambazo hukuzipiga, za kujumlisha na za kutoa, na noti na tano yake zikizaa watoto wanakaa sawa na wazazi (ndio maana wapiga roki wanapenda pawa kodi, noti na tano basi), lakini noti na tatu yake watoto wanagombana, na kodi kamili ya nyuzi sita inakuwa uji kabisa. Nilihangaika wiki nzima nikidhani gitaa halijatuniwa vizuri, natuni, natuni tena, kumbe gitaa halina kosa. DIST ikiwa chini, saa tatu hivi, sita zinaanza kupona, tatu zinavumilika ukizipiga kwenye nyuzi nyembamba. Mimi siku hizi sebene nazima pedeli, nawasha kwenye solo ya noti moja moja, na kwenye kiitikio nikitaka uzito napiga pawa kodi. Pambio za kanisani zile za kasi sigusi kabisa hiyo swichi.

Gitaa langu ni la umbo la Stratocaster, sio Fender ni nakala, pikapu zake (zile sumaku za kunasa sauti ya nyuzi) ni za koili moja. Kwa hizi DS-1 inakuwa kali zaidi, kwa hiyo nafunga toni ya gitaa kidogo. Tulijaribu na gitaa la mwenzangu lenye hambaka (pikapu za koili mbili), aisee ikawa nene na laini hata bila kugusa kitu, kwa hiyo kama una hambaka utanishangaa kwa nini nalalamika. Ukishusha volyumu ya gitaa mpaka 6 mikwaruzo inapungua lakini haiishi, usitegemee irudi safi kama zile pedeli za kuviringa.

Kelele. Hapa nilikosea hesabu mwanzoni. Nilikuwa napata muungurumo mkubwa, ule wa mmmmm, nikasema hii pedeli mbovu. Siku moja adapta niliisahau nyumbani nikanunua betri ya volti 9, muungurumo ukapotea wote, kimya, ukabaki ule mvumo mdogo wa sss ambao distoshen yoyote inao kwa sababu inakuza kila kitu. Kumbe ni adapta, ile ya elfu tano ya barabarani isiyo na jina. Kwa hiyo kabla hujaihukumu pedeli yoyote kwa kelele, ijaribu na betri kwanza, ni kipimo cha bei rahisi kuliko vyote. Baadaye nikanunua adapta ya maana ya volti 9 iliyotulizwa (volti zake haziyumbi), ile yenye hasi katikati ya plagi. Na bado kuna kumbi nikipiga muungurumo unarudi, nikigusa nyuzi unapungua, hapo huenda soketi ina matundu matatu lakini waya wa ethi haujaunganishwa popote. Hapo pedeli haihusiki, na uwe makini na maiki, mdomo ukigusa maiki huku umeshika nyuzi unaweza kupigwa shoti.

Kama unanunua ya zamani sana geuza chini usome imeandikwa adapta gani. Zilizoandikwa ACA zilitengenezwa kwa adapta ya zamani ya volti nyingi zaidi, ukiziwekea hii ya kawaida ya volti 9 taa inawaka kwa unyonge na sauti inakosa nguvu, mtu atadhani imekufa kumbe haijashiba. Zenye PSA ndio za volti 9 moja kwa moja. Kuna jamaa anaweza kukuuzia kwa bei ya kutupa kwa kutojua hilo, na kuna mwingine anaweza kukuuzia kwa bei ya dhahabu kwa sababu imeandikwa Japani.

Kuhusu uimara sina cha kubishana na mtu. Bodi, yaani gamba la nje, ni alumini ya kumwagwa kwenye kalibu, sio bati la kukunjwa, ukiishika mkononi unasikia uzito wa kitu kilichokusudiwa kukanyagwa. Imeanguka kutoka juu ya spika mara moja, imelala kwenye buti la bajaji na stendi za maiki juu yake mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, imemwagiwa soda. Mpira wa juu bado umeshika. Chini ya ile sehemu ya kukanyagia kuna ka-swichi kadogo tu kanakoguswa, kazi yenyewe ya kuwasha na kuzima inafanywa na saketi, kwa hiyo mguu wako haupigi swichi moja kwa moja na hakuna ule mlio wa "tok" kwenye spika. Unafungua skrubu moja ya mbele kwa vidole, bila bisibisi, unabadilisha betri. Wazo la miaka ya 70 na bado sijaona lililo bora kwa mtu anayebadilisha betri gizani kati ya wimbo na wimbo.

Nilifungua chini na fundi wangu wa redio pale Kariakoo, nilitaka tu kuona. Matundu ya waya yamefungwa kwenye bodi kwa nati halafu yanaenda kwenye saketi kwa nyaya, yaani waya wa gitaa ukivutwa kwa nguvu anayebeba mzigo ni chuma. Nilishawahi kuwa na ka-pedeli kengine kadogo ka bei chee, siwezi kukataja jina, tundu lilikuwa limeunganishwa juu ya saketi yenyewe, mtu alikanyaga waya wangu mara moja tu, ubao ukapasuka, safari ikaishia hapo. Hiyo tofauti huwezi kuiona kwenye picha wala kuisikia kwenye video. Fundi akapenda kazi, akaniambia "dada yangu, nikuwekee hizi taa nyekundu za LED badala ya dayodi? Itapiga zaidi." Na anajua anachosema, taa nyekundu inafungua mlango kwenye karibu volti 1.7, kwa hiyo mawimbi yanakatwa juu zaidi, sauti inakuwa kubwa na yenye pumzi, Robert Keeley wa Marekani alijipatia jina kwa kuzibadilisha DS-1 za watu. Nikakataa. Nilitaka kwanza niijue ilivyo kabla sijaibadilisha, na mpaka leo sijaona sababu.

Hewa ya chumvi ya Dar haimuachi mtu. Skrubu za chini zimeanza kutu, na nobu ya LEVEL ilianza kukwaruza ukiizungusha, kama nobu za gitaa langu na za amplifaya zilivyofanya, dawa ya kusafishia mawasiliano ya umeme ikapulizwa, ikazungushwa mara ishirini, ikaisha.

Vitu viwili vya kukumbuka kwenye matumizi. Kwanza, ukichomeka waya kwenye tundu la kuingilia, betri inaanza kuliwa hata kama taa haijawaka. Niliiacha na waya kuanzia Jumapili mpaka Alhamisi ya mazoezi nikakuta maiti. Chomoa waya. Pili, sauti ya gitaa inapita kwenye saketi ya pedeli hata ikiwa imezimwa, inasaidia kwa waya mrefu sauti isififie, lakini maana yake ni kwamba pedeli ikikosa umeme kabisa gitaa lako linanyamaza, sio distoshen peke yake, gitaa zima. Adapta ikichomoka katikati ya wimbo umebaki unacheza kwa mikono. Mi kwa hiyo nikienda kupiga adapta ipo na betri ipo ndani, adapta ikichomoka betri inapokea hapohapo.

Niinunue? Kama unapiga moja kwa moja kwenye mikisa na hakuna mpango wa kubadilisha hilo, hapana, weka hela, tafuta mashine ya efekti yenye kuiga spika. Kama ndio distoshen yako ya kwanza na una amplifaya yenye nobu ya midi, nunua, tena nunua mtumba, maana hii kitu haifi. Kama unataka sauti laini ya blues inayoimba, chukua SD-1, bei zinakaribiana. Na kama muuzaji anakuruhusu kuijaribu, usiijaribu peke yako kwenye ka-spika ka chumbani, weka hata wimbo kwenye simu wenye besi na ngoma upige juu yake, uone kama gitaa lako bado linasikika.

Jumamosi mpiga ridhimu wetu analeta SD-1 yake. Tunataka kuziunganisha, ya njano mbele, ya chungwa nyuma, ile ya njano ina midi nyingi ambazo hii yangu inazikata, DIST nitaishusha mpaka saa mbili. Mwalimu wa kwaya ameshaniuliza kama anaweza kuja siku hiyo kusikiliza, nimemwambia karibu mwalimu, njoo ukae mbele.